Kuharisha kwa watoto: tuwinde kila kirusi?

Mitaro ya Bwaise, mtaa wa Kampala, ikifurika, kliniki za mtaani hujaa watoto wanaoharisha. Kipimo ni vidole: muuguzi hufinya ngozi ya tumbo, huiachia, kisha hutazama inarudi upesi au inasuasua. Mama huondoka na pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na mara nyingi metronidazo, dawa ya bakteria na vimelea isiyoua virusi, ambayo mtoto haihitaji. Aliyeleta maradhi, yaani kijidudu chenyewe, hatajwi.

Wapo wasioona haja ya kumtaja, na hoja yao ni nzito. Iwe ni virusi vya rota, noro, astro au sapo, kliniki haina dawa ya kuviua. Tiba ni ileile, kurudisha maji na chumvi. Kwa nini basi fedha ya ORS iishie kwenye vitendanishi, kemikali za kupimia maabara?

Ila hoja hiyo inatazama kitanda kimoja tu. Chanjo ya rota, ambayo Uganda iliiingiza mwaka 2018, chimbuko lake ni Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, ambao mwaka 1973 walichunguza utumbo wa watoto wagonjwa kwa darubini ya elektroni. Darubini hiyo huhitaji virusi kama milioni moja katika kila mililita ya kinyesi. Vilivyo vichache huponyoka. PCR, kipimo kinachorudufu vinasaba vya virusi hadi vionekane, huvinasa. Utafiti wa GEMS kuhusu kuharisha kwa watoto, uliohusisha nchi 7, jirani zetu Kenya wakiwemo, ulipopima upya sampuli zake kwa njia hiyo, matokeo ya mwaka 2016 yaliziweka adenovirusi aina ya 40 na 41 kati ya visababishi sita vikuu.

Tatizo ni kwamba PCR huona hata kupita kiasi. Mtoto anayekimbiza mpira naye hukutwa na virusi, mabaki ya maambukizi yaliyokwisha au wapangaji wasio na madhara. Bokavirusi na kirusi cha Aichi bado vinabishaniwa kwa sababu hiyo. Anayepima wagonjwa peke yao, bila kuwalinganisha na watoto wazima wa mtaa uleule, anakusanya majina tu.

Kwa hiyo siungi mkono mashine katika kila kliniki. Naunga mkono hospitali chache za kuchukulia sampuli, watoto wazima wa kulinganisha, na upimaji wa maji taka. Ni maji taka ya Kampala yaliyofichua polio aina ya 2 mwaka 2021. Maabara za Entebbe zina uzoefu: kirusi cha Zika kilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyefungiwa msituni watu wakiwinda homa ya manjano, kikapuuzwa kwa miaka 60.

Matokeo hayo yasiishie Entebbe. Muuguzi wa Bwaise akiambiwa kwamba mwezi huu wengi wana virusi, ana sababu ya kuliacha kopo la metronidazo rafuni.