Baruti umeipima sawa, na upepo je?

Kaa na watu wa shabaha dakika kumi tu uone stori inavyoingia kwenye kujijazia risasi wenyewe, na mizani yake. Nani anapima baruti mpaka ile sehemu ya kumi ya grein (kipimo kidogo cha uzani), nani ana mashine ya kurudisha ganda kwenye saizi yake, nani anachagua vichwa vya risasi kimoja kimoja. Mie naheshimu hiyo kazi, lakini walahi naona imepewa sifa kuliko inavyostahili, na atakaekasirika akasirike tu.

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya sio kitu ya kujifungia chumbani Kisauni ukaanza kujitengenezea risasi. Silaha na risasi ziko chini ya sheria, Sura ya 114, kibali chako cha bunduki kinaandikwa hadi idadi ya risasi unazoruhusiwa kua nazo, na kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo raia mwenye raifo ya masafa marefu kazi yake nayo ni uwanja wa shabaha basi. Wengi wetu hii mambo ya kujaza tunaijua kwa kutazama wenzetu Marekani na Uingereza, halafu tunabishana kwenye baraza kama vile kesho tunaenda kuchukua kombe.

Haya, sasa faida yake ni nini? Risasi ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki (ile inayowasha), baruti na kichwa. Anaejaza mwenyewe hatafuti nguvu, hapa ndipo wageni wa hii kitu hukosea, anatafuta zote zifanane. Chukua raifo ya .308 (hiyo ni saizi ya risasi), risasi inatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde. Ikiwa moja imetoka na kasi iliyozidi ya mwenzake kwa mita 9 hivi kwa sekunde, kwenye yadi 100 hutaona kitu, milimita moja au mbili. Lakini peleka yadi 1000, ambayo ni kama mita 914, hiyo tofauti ndogo inakua robo mita au zaidi, moja juu moja chini. Na kwenye mashindano ya F-Class, yale ya kulala chini na bunduki ya darubini iliyoegemezwa, kwa sheria za Marekani duara la pointi kumi kwa hiyo yadi 1000 lina upana wa inchi 10, yaani robo mita hiyo hiyo. Kwa hiyo ndio, mizani ina maana, sikatai, na risasi za dukani zinazopishana kasi zitakunyima pointi hata ushike bunduki vipi.

Lakini hebu geuza hesabu upande wa pili. Upepo wa ubavuni wa maili 1 kwa saa, yakhe maili moja, huo hata shuka iliyoanikwa hautikisi, unaisukuma risasi hiyo hiyo kando kwa robo mita vile vile kwenye yadi 1000. Ukija wa maili 10 ni mita mbili na nusu. Sasa niambie, mtu amekesha na mizani na kronografu, kile chombo cha kupima kasi ya risasi, kuondoa ile robo mita ya juu na chini, alafu uwanjani anakisia upepo kimakosa kwa maili tatu, amefanya nini? Ni kupima chumvi kwa mizani ya sonara na pilau lenyewe umeliunguza.

Na sisi watu wa pwani ndio tungefaa kua mabingwa wa hili jambo. Kaskazi na kusi tumezaliwa nazo, mvuvi akitazama maji tu anakwambia upepo umegeuka. Kule uwanjani ni bendera, ni nyasi, na ni mazigazi, ile hewa ya joto inayocheza, unayaona kwenye darubini yakikimbia upande mmoja, halafu yakisimama wima kama yanachemka ujue upepo umekufa au unaelekea kugeuka. Shida ni kua risasi inakaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu, na upepo wa hapa ulipo sio lazima uwe ndio upepo wa kule kati. Hiyo haiuzwi kwenye mkebe.

Ndio maana mie napenda sana utaratibu wa Bisley, Uingereza. Kule mashindano makubwa yalianza Wimbledon 1860 yakahamia Bisley 1890, na kwenye ile Target Rifle ya kawaida, unalala chini bila darubini juu ya bunduki, risasi mila yake ni za kugawiwa. Wote mnapewa aina moja, tajiri na maskini, mwenye mashine za bei ya gari na asie na kitu. 1930 Marjorie Foster akachukua King's Prize, tuzo kubwa ya hapo, mbele ya wanaume wote, mwanamke wa kwanza. Wanaotaka kujaza wenyewe wana nafasi yao kwenye Match Rifle, mpaka yadi 1200 huko, na kwenye F-Class. Sioni ubaya. Ila kama ningeulizwa mie, kila anaeanza angepigishwa risasi za kugawiwa miaka kadhaa kwanza.

(Jua letu pia limo. Baruti nyingi ikipata joto inaungua kwa presha kubwa na kasi inapanda, kwa hiyo iliyopimwa kwenye baridi ya Ulaya sio itakayokua hiyo hiyo ukiiacha kwenye jua la Februari hapa Bamburi. Ziweke kivulini jamani, na usiache risasi ndani ya mtutu uliochemka huku ukisubiri bendera itulie.)

Na yule anaelalamika kila siku kua risasi ndio zimemponza, aitazame karatasi yake ya shabaha. Matundu yakipanda na kushuka, sawa, huenda ni kasi, tumsikilize. Lakini karatasi za wengi wanaolalamika matundu yametapakaa kushoto na kulia, na hapo baruti hata haihusiki.