Kiti cha Y: ukoo wa Hansen unakula urithi au unaufanyia kazi?

Carl Hansen & Søn, kiwanda cha samani cha Denmark, kimelaumiwa kwa miaka mingi kwamba ukoo unaokimiliki unaishi kwa mchoro wa marehemu. Mchoro ni wa Hans J. Wegner: kiti CH24 cha mwaka 1949, ambacho wengi hukiita kiti cha Y kwa sababu ya ubao wenye panda katikati ya mgongo wake. Kinatengenezwa mfululizo tangu 1950, na kwa bei ya leo mpangaji wa chumba kimoja hakigusi.

Hoja nzito ya wakosoaji haiko kwenye bei. Wegner mwenyewe alianzia kwenye viti vya Kichina vya enzi ya Ming. Kiti cha Safari cha Kaare Klint, cha 1933, ambacho sasa kinatengenezwa na kampuni hiyohiyo, kilitokana na kiti cha kufungua na kufunga cha maofisa wa Kiingereza huko India. Walioazima bila kuulizwa wamefungiaje wengine mlango? Japani, mahakama ilikubali mwaka 2011 kwamba umbo la kiti cha Y ni alama ya biashara. Uingereza ilikuwa ikizipa samani za viwandani kinga ya miaka 25 tu dhidi ya kunakiliwa. Tangu 2016 kinga hiyo inaweza kwenda hadi miaka 70 baada ya mbunifu kufa. Wegner alifariki 2007. Piga hesabu, utafika 2077.

Hata hivyo, anayesema ukoo umekaa kitako tu hajakitazama kiti chenyewe. Kikalio kimewambwa kwa mkono, kwa kamba ya karatasi ya kama mita 120. Kamba hiyo ilishika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyasi za baharini zilipoadimika. Fundi mzoefu humaliza kikalio kimoja kwa takriban saa moja, yaani mita mbili kila dakika: anavuta, anazungusha kwenye fremu, anabana, huku pande nne zikisogea kukutana katikati. Aliyewahi kuwamba kitanda cha kamba anajua kwamba mzunguko mmoja ukilegea, hakuna wa kuuficha. Unafumua na kurudi nyuma.

Sehemu nyingine nyingi hupitia mashine, na hapo mashabiki wa kampuni nao hukosea wanapodai kila kitu ni mkono mtupu. Miguu ya nyuma inaonekana imepindwa, kumbe imekatwa kwenye ubao. Kilichopindwa kwa mvuke ni upinde wa juu, ambao ni egemeo na mikono kwa pamoja. Carl Hansen alifungua karakana Odense mwaka 1908; mwanawe, Holger, ndiye aliyemtafuta Wegner ili apate viti vizuri ambavyo kiwanda kingeweza kuvitoa kwa wingi. Urithi wa nyumba hii ni kujua mashine iishie wapi.

Holger alikufa 1962 na mjane wake, Ella, akashika usukani. Miaka ya 1970 na 1980 watu walichoka na mtindo huu wa Kidenmark. Sioni kampuni ya wanahisa wenye haraka ikiendelea kulipa wawambaji kipindi hicho. Mwana mmoja, Jørgen Gerner, alichukua uongozi 1988, na ndugu yake Knud Erik akampokea 2002.

Nakala za bei nafuu pia huwambwa kwa mkono, ila mahali ambapo saa ya fundi ni rahisi. Bei ya kiti halisi ina faida na jina ndani yake, sikatai, lakini ina saa hiyo pia, iliyolipwa kwa mshahara wa Denmark. Mlalamikaji hulitaja jina akaisahau saa.

Ila kiti cha 1949 kulindwa hadi 2077 ni miaka 128, na hapo siwezi kuwatetea. Hatari aliyoibeba Holger alipokubali kukitengeneza kiti hicho imekwisha kulipwa zamani. Mimi ningeliachia umbo liwe huru, jina libaki kwa ukoo, na kila muuzaji alazimike kuandika kiti kimewambwa wapi.