Sayansi Isigeuzwe Muhuri

Karanga huchanua juu ya ardhi na kuzaa chini yake. Ua lake dogo la manjano likishachavushwa hunyauka, na mahali pake huota kikonyo kinachoinama polepole, kikachoma udongo kama sindano na kwenda kufanya ganda huko gizani. Bibi yangu, aliyekuwa na kishamba chake Dodoma, hakusoma elimu ya mimea, lakini alijua kwamba karanga hutaka udongo laini, unaokubali kikonyo kuingia na unaomruhusu mkulima kung'oa shina zima pamoja na mazao yake. Msimu ulipokaribia kwisha alikuwa akitoka alfajiri, anadidimiza kidole gumba cha mguu ardhini, na kikizama anatuita wajukuu sote, kwa kuwa ukichelewa ardhi inafunga na karanga zinabaki humo humo.

Humkumbuka kila ninaposoma habari za Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, na siagi na sabuni vilikuwa vikigawiwa kwa mgao. Ofisa wa kampuni kubwa ya biashara alipeleka wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Afrika Mashariki, serikali ikatuma ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na baada ya wiki chache za kuzunguka, sehemu kubwa kwa ndege, ujumbe ukarudi na ripoti iliyopendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliitetea bungeni kwa moyo wote. Hakukuwa na shamba la majaribio, kwa hoja kwamba njaa haisubiri.

Kongwa, huko Dodoma, mpango ulikoanzia, ilikuwa na maoni yake. Vichaka vilivunja majembe ya matrekta, mchanga mkali uliomo katika udongo ukala vyuma, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta havikufua dafu. Kibaya zaidi, udongo wenyewe ulikuwa na mfinyanzi mwingi unaokauka na kuwa kama tofali mvua zikikata, yaani wakati ule ule ambao karanga zinatakiwa kutolewa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 8,000. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama kichekesho cha wakoloni, na kweli inachekesha. Mimi naiona kama somo kuhusu jambo tunalolitenda hata sisi, tena bila mkoloni. Wakefield hakuwa mjinga, wala sayansi ya udongo haikuwa changa kiasi cha kushindwa kutambua mfinyanzi. Tatizo ni kwamba swali alilopewa lilikuja na jibu lake mfukoni. Hakuulizwa kama karanga zitaota Kongwa. Aliulizwa ni ekari ngapi. Mtaalamu akishaulizwa hivyo, ujuzi wake wote unakwenda katika kupiga hesabu za kitu ambacho hakuna aliyemruhusu kukitilia shaka.

Ndiyo maana sishawishiki na kauli inayorudiwa kila mara kwamba siasa na sayansi zisichanganywe. Zimechanganyika tangu zamani, na haziwezi kutenganishwa, kwa sababu fedha za utafiti hutoka katika bajeti, na bajeti ni siasa. Kuamua kwamba mwaka huu tutafute dawa ya malaria kabla ya kutafuta chanzo cha ugonjwa wa migomba ni uamuzi wa kisiasa, na ni halali kabisa. Siasa ina haki ya kuuliza. Ninachokipinga ni pale inapokuwa imekwisha kuamua, kisha inamwita mwanasayansi aje kugonga muhuri.

Chukua Kenya na vyakula vilivyobadilishwa vinasaba. Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa walichapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo walipata uvimbe mkubwa. Novemba mwaka huo huo Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo nchini. Mwaka mmoja baadaye jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa, baada ya wataalamu wengi kuonyesha kwamba panya walikuwa wachache mno na wa ukoo ambao hupata uvimbe kwa urahisi hata bila mahindi yoyote. Msingi ukawa umeng'oka, lakini marufuku ikabaki imesimama mpaka Oktoba 2022, serikali mpya ilipoiondoa wakati ukame umekaza na bei ya unga imepaa.

Sisemi kwamba marufuku ilikuwa sahihi au ilikuwa kosa. Ninachosema ni kwamba kati ya 2013 na 2022 panya hawakuwa na jipya la kutuambia. Wakulima wengi niliowahi kuzungumza nao kuhusu jambo hili hawaogopi uvimbe. Wanauliza mbegu itakuwa ya nani, kama wataweza kuweka akiba ya msimu ujao, na nani atapanga bei. Hayo ni maswali ya kisiasa, mazito na ya haki, yanayostahili kujadiliwa waziwazi kwa majina yake, lakini kwa miaka kumi yalivalishwa koti la maabara, na matokeo yake hayakujibiwa na wanasiasa wala na wanasayansi.

Kwetu Tanzania kidonda kiko karibu zaidi. Mei 2020 Rais John Magufuli, ambaye mwenyewe alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia, alieleza hadharani kwamba sampuli za paipai na mbuzi, zilizopelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Wengi walicheka, mimi sikucheka, maana kuijaribu mashine kwa sampuli ambayo jibu lake unalijua ni mwenendo mzuri kabisa wa kisayansi. Kasoro ilikuwa katika hatua iliyofuata. Shaka ya kisayansi hudai vipimo zaidi, vya wazi zaidi, ili wengine nao wahakiki. Badala yake takwimu zilikoma kutangazwa zikiwa kwenye wagonjwa 509, na hesabu hiyo ikaganda hapo hadi mwaka uliofuata, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kabla ya hapo, mwaka 2018, sheria ya takwimu ilikuwa imerekebishwa kiasi kwamba kuchapisha hesabu zinazopingana na za serikali lilikuwa kosa la jinai. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019. Mwanauchumi niliyesoma naye alinieleza wakati ule kwamba hakuwahi kutishwa na mtu yeyote. Alijifunza tu kutouliza baadhi ya mambo.

Na wale wanaodhani kwamba haya ni mambo ya maabara na mashamba tu, hawajaiangalia lugha wanayoisoma hapa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Utawala ulitaka vitabu vya aina moja kwa makoloni manne, na hilo ni hitaji la kiserikali linaloeleweka. Lakini isimu, yaani sayansi ya lugha, haina kipimo cha kuonyesha kwamba lahaja moja ni bora kuliko nyingine. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na ushairi mkubwa wa malenga kama Muyaka, kikaachwa. Uamuzi wa ofisi ukaingia katika kamusi, kamusi ikaingia darasani, na tukafika mahali ambapo mtoto wa Mombasa anaandika "ndia" na "mato" kama anavyomsikia mama yake akisema, kisha daftari linarudi likiwa na alama mbili za wino mwekundu na maneno "njia" na "macho" pembeni. Mwalimu hadhani kwamba amefanya siasa. Anadhani amesahihisha.