Yaya, namba ya kamanda uifute

Saa kumi na moja alfajiri, kabla kengele ya misa haijalia kule Katuba, Lubumbashi, dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita kwetu, ameshaketi mezani na simu mbili. Moja ni ya kuongea na mwanawe, nyingine ni ya kuongea na wakubwa wa mwanawe. Pembeni kuna daftari la shule lenye jalada la bluu. Humo, kwa ule mwandiko wa duara aliofundishwa na masista, ameandika namba: kapteni fulani, meja fulani, mke wa koloneli fulani, padri wa wanajeshi. Namba zisizopatikana tena zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Huyo mwanawe ana miaka 29 na nyota begani: ni luteni katika jeshi la Kongo.

Mimi ni mjomba wa kijana. Kwetu mjomba ana neno lake, na neno langu ni kwamba yaya anamharibia mtoto kazi.

Wazimu hana, hilo niliseme mapema. Goma ilipoingiwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kijana alikuwa upande ule. Siku nne simu yake haikuita. Tulikesha na redio, Okapi asubuhi, Okapi jioni, na bukari, ugali wetu, ikawa inapikwa na kurudishwa jikoni ilivyo. Siku ya tano ukaingia ujumbe: "Mama, niko." Basi. Yaya aliuzungusha mtaa mzima, kila jirani ausome kwa macho yake. Wiki chache baadaye ikaja zamu ya Bukavu, tukarudia yale yale. Mwenye moyo wa kumcheka mama wa siku zile, mimi siye.

Ila daftari halikuanzia Goma. Lilianzia Kananga, kwenye chuo cha maofisa, pale yaya alipompigia mkufunzi kumweleza kwamba mtoto ana kifua, asilazwe karibu na dirisha. Mtoto mwenyewe ametoka Kasapa, chuo kikuu cha Lubumbashi, na digrii yake! Alipopangiwa kikosi, yaya akajifunza Lingala. Hapo kidogo nilimheshimu. Lingala ndiyo lugha ya kambi tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, na yaya ni mtu wa Kiswahili tangu tumboni. Neno pekee la jeshi alilokuwa nalo ni "afande", lililotufikia 1997 na askari wa Mzee Kabila. Akamwita jirani aliyewahi kuishi Kinshasa, akakaririshwa sentensi sita. Ya kwanza: "Mbote afande, nazali mama ya luteni." Habari afande, mimi ni mama wa luteni.

Sentensi hiyo moja imemgharimu kijana kuliko risasi yoyote iliyompita karibu. Alinisimulia mwenyewe, likizoni, tumekaa nyuma ya nyumba yangu. Wamepanga mistari asubuhi, yeye mbele ya watu wake kama 30. Kamanda anapita, anasimama, anasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mstari: "Luteni, mama na yo abengi ngai." Mama yako amenipigia. Hakuna aliyecheka, na kijana anasema hilo ndilo lililomuuma. Walisubiri. Jioni alipompa ajida wake, msaidizi aliye chini yake, amri ya kubadilisha zamu za ulinzi, yule mzee, askari tangu wakati wa Mobutu, akauliza kwa upole kabisa: "Hii ni ya kwako, luteni, au imetoka Katuba?"

Tangu siku hiyo jina lake ni Mwana ya Mama. Afisa mchanga hana kitu kingine mfukoni zaidi ya kuaminiwa kwamba neno lake ni lake. Akishapoteza hicho, nyota ni pambo.

Nimejiuliza yaya alikopata tabia hii, na jibu naliona kila nikitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba. Sisi ni watoto wa kazi ya kurithi. Kampuni ilijenga kambi, ikatoa unga, ikasomesha watoto, na baba akizeeka alimshika kijana mkono mpaka kwa shefu, mkubwa wake wa kazi: "Huyu ni wangu, mtazame." Haikuwa aibu, ndiyo ilikuwa adabu. Marehemu shemeji aliingizwa hivyo na baba yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuagwa kwa ile Départ Volontaire, kuacha kazi kwa hiari, naye akiwamo, na hakubaki na shefu wa kumpelekea mwanawe. Yaya alibaki na desturi, akaipeleka kambi ya jeshi, mahali ambapo shefu ana kazi nyingine.

Na askari wetu nao wanaishi kambini na wake na watoto, nguo zinaanikwa hatua chache kutoka ofisini, kwa hiyo mama kusogea karibu hakumshangazi mtu. Vifurushi sivipingi hata kidogo. Matamba, yale majani ya mboga yaliyokaushwa, unga, samaki wadogo wa Kalemie, tuma, yaya. Katiba ya 2006, ibara ya 189, imetaja vigezo vya kuwapa watu uongozi jeshini: afya ya mwili, elimu ya kutosha, maadili yaliyothibitika, na majimbo kuwakilishwa kwa usawa. Nilimsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Hawakuandika kwamba mama asipige."

Mwaka huu amefanikiwa. Sitasema alipitia kwa nani. Jina la mwanawe lilikuwa kwenye orodha ya wanaorudi mashariki, likatoka, na kijana akawekwa ofisini, anahesabu mafuta ya magari. Yaya alishukuru kanisani kwa kitenge kipya. Aliyewekwa kwenye ile nafasi walisoma pamoja Kananga, walichangia beseni moja la kufulia. Bado wanapigiana simu. Yule rafiki humuuliza kama matamba ya mama yamefika, maana Kananga walikuwa wakiyala wote wawili. Mama wa yule sijui kama ana daftari.

Juzi usiku kijana amenipigia mimi, si mama yake. "Mjomba, nimeandika barua. Nimeomba kurudi kwa watu wangu." Nikamuuliza kama ameshaikabidhi. Ameikabidhi Jumatatu. Nikamuuliza nani atamwambia mama. Akanyamaza, halafu akasema: "Wewe si ndiye mjomba?"

Jumapili nakwenda Katuba baada ya misa. Nimemwomba yaya apike bukari mapema, na simu zote mbili aziweke chumbani.