Dada, hiyo picha mlango wake umepinda

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, mwaka wa tisa huu niko na mashine, na siku hizi mteja haji tena na kitenge aseme fundi nishonee kitu kizuri, anakuja na simu. Anafungua Instagram, anaikuza picha kwa vidole viwili, "nataka kama hii". Wiki jana kaja dada mmoja ana picha ya gauni la sendofu, aliyelivaa kiuno kama cha nyigu na hips hadi huku, nikaangalia nyuma yake nikaona fremu ya mlango imeingia ndani palepale kwenye kiuno. Nikamwambia dada, hiyo picha mlango wake umepinda. Akacheka sana, afu akaniuliza, sasa fundi nifanyeje nipate hicho kiuno kabla ya tarehe 20?

Yani kashajua ni filta na bado anakitaka!

Wa kwanza kunitisha alikuwa bibi harusi fulani, nilimpima kiuno 34, akaanza chai ya kupunguza tumbo na kushindia tango, akaja kujaribisha ana 31, nikapunguza gauni. Zile chai nyingi ndani yake kuna sena, inakuendesha, kinachotoka ni maji tu wala sio mafuta, kwa hiyo siku ya sendofu yenyewe kiuno kilisharudi 33 na zipu haipandi, nafumua mshono saa nane mchana saluni wanamsubiri, na yeye kakaa kwenye stuli yangu midomo imemkauka, anatetemeka. Nikamtuma kijana alete soda na chapati. Akanywa soda, chapati akaisogeza pembeni.

Wengine wanaenda upande wa pili. Binamu yangu yuko Ngarenaro kule Arusha, toka sekondari wanamuita kimbaombao, akauziwa deksamethasone duka la dawa bila cheti wala swali ili "ajazie". Ile ni dawa ya uvimbe na mzio mkali, sio lishe, ukiila hovyo mwili unashika maji, sukari inapanda, uso unakuwa duara, na ukishaizoea huwezi kuiacha ghafla maana mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Kapata mashavu kapata tumbo. Hips hazikuja, nilimpima mwenyewe.

Sasa msije mkaniambia zamani ilikuwa raha. Mama yangu Kibosho alipojifungua alikaa ndani miezi mitatu analishwa mtori na nyama, na mzazi akitoka nje hana mashavu mume ndo anasemwa hamtunzi. Halafu wakati wa ukimwi ukikonda kidogo tu mtaa mzima unanong'ona. Presha ilikuwepo, ila ilitoka kwa shangazi, na shangazi ukimtazama unamuona na yeye ana mwili wake wa kawaida tu, ana kitambi.

Kuna habari moja ya Fiji huwa nawasimulia wateja. Kule nako unene ulikuwa sifa, kula ndo adabu. Televisheni ikafika kwenye mkoa wao mmoja mwaka 1995, mtafiti Mmarekani Anne Becker akawahoji wasichana wa shule mwaka huohuo na tena 1998. Mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadae ni asilimia 11, na asilimia 74 wanajiona wanene. Na hiyo ni tivii, ya sebuleni, unaangalia na baba, saa nne inazimwa. Simu unalala nayo.

Ufaransa toka 2017 tangazo la biashara likiwa na modo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Wazo zuri, ila mi naona haliendi mbali, dada wangu wa mlango uliopinda hakuhitaji maandishi.

Na kabla hamjanipongeza, ukutani kwangu kuna bango la mishono, wale wanawake wote wamevutwavutwa utadhani wamepitishwa kwenye tundu la sindano. Mbaya zaidi, mwaka juzi nilimpiga mteja picha na gauni la kitenge, kabla ya kuposti nikambana kiuno kidogo kwenye simu ili mshono uonekane, laiki zikamiminika. Miezi kama miwili hivi akaja msichana, form four kamaliza juzi tu, kafungua simu, "fundi, nataka kama hii". Nikaitambua kazi yangu. Nikamwambia gauni naweza, kiuno nilikichora mimi. Hakuamini, alidhani namkatisha tamaa kwa sababu yeye bonge.

Ile posti niliifuta. Bango bado lipo, wateja wanachagua mishono pale, ntabandika nini?

Dada wa tarehe 20 gauni lake nimeshalikata. Kaniambia nipime pungufu, "ntakuwa nimepungua". Nimempima alivyo, na ndani ya mshono nimeacha inchi mbili, sijamwambia.