Mstari wa maji hauchorwi kwa tepu yoyote tu

Pita Mwaloni Kirumba au kule Igombe, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, wakati wa mbalamwezi, utakuta boti za dagaa zimevutwa mchangani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo siku hizo ndizo za kutengeneza nyavu, kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao, na kupiga rangi. Na ndizo siku ninazokereka. Mwenye boti kanunua rangi nzuri ya mafuta, kanunua praima, kamlipa fundi, halafu kwenye tepu akachukua ile ya karatasi iliyo rahisi kuliko zote dukani. Boti inarudi majini na mstari kati ya tumbo na ubavu una meno kama msumeno.

Msimamo wangu ni huu: hela ya tepu nzuri itumike kwenye ukingo wa mstari wa maji, yaani pale rangi ya tumbo inapokutana na ya ubavu, basi. Kwingine kote bandika ya bei rahisi, hata gazeti.

Tepu ya karatasi haikubuniwa kwa ajili yetu. Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, aliitengeneza mwaka 1925 kwa mafundi waliokuwa wakipiga magari rangi mbili. Karatasi yake ina mikunjo midogo midogo inayoifanya inyumbulike, na mikunjo hiyo hiyo ndiyo milango ya rangi. Kwenye bati laini la gari, rangi ikirushwa kwa pampu kidogo kidogo, inakwenda vizuri. Kwenye mbao zenye nyuzi na maungio, huku fundi akisukuma brashi iliyoloa, rangi inapenya chini yake bila kuuliza.

Kinachofaa ukingoni ni tepu nyembamba ya plastiki, upana wa milimita 3 au 6, ambayo mafundi rangi wa gereji huitumia kuchora mistari ya mapambo. Haina mikunjo, kwa hiyo ukingo wake ni mkali, na inakubali kupinda pale ubao unapokaza kuelekea omo, mbele ya boti. Usiitafute kwenye duka la saruji na misumari. Nenda wanakouza rangi za magari. Ukishaibandika, ile ya karatasi ya inchi moja au mbili unaipandisha nusu juu yake, ilinde ubavu dhidi ya matone. Kazi hiyo inaiweza.

Kuna ndugu zangu wanaosifia tepu ya bluu kwa sababu inavumilia jua siku nyingi bila kuacha gundi. Kweli inavumilia, na jua letu si la mchezo: tuko karibu na ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tepu ya kawaida ikishinda hapo mchana kutwa, gundi inaokwa. Lakini kwa nini ikae siku nyingi? Rangi ya tumbo inapigwa na tepu inatoka. Kama fundi wako ni yule wa mkono wa kwanza leo na wa pili "kesho, Mungu akipenda", basi nunua ya bluu, utaihitaji. Ile ya kahawia ya kufungia maboksi isiguse chombo kabisa.

Tepu nzuri kwenye ubao mbichi ni hela iliyotupwa. Boti iliyotoka majini jana bado imebeba ziwa ndani ya mbao, hata kama kwa macho imekauka, na gundi haishiki unyevu. Ipe siku za jua, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na subiri umande wa asubuhi uondoke kabla ya kubandika. Roli usiilaze mchangani hata dakika moja, maana pembeni kwake gundi iko wazi. Chembe zikishika hapo, kila hatua utakayobandika itakuwa na tundu la kupitishia rangi. Itundike kwenye msumari au ivae mkononi.

Mstari wenyewe usiukadirie kwa jicho. Boti ikiwa tupu majini, weka alama omo na tezi, yaani mbele na nyuma, pale maji yanapofika. Ukiivuta nchi kavu, iegemeze vigogo mpaka alama hizo zilingane kwa mpira wa maji, ule wa waashi, kisha utembeze mpira huo huo ubavuni kuweka alama za katikati. Wengine hupandisha rangi ya tumbo kidogo juu ya hapo, nami naunga mkono, kwa sababu mawimbi hayasomi alama.

Mstari uliokatwa vizuri una faida nyingine: mtu aliye ufukweni anaona chombo kimezama kiasi gani kikishapakiwa. Si alama rasmi ya ukaguzi, lakini Mwanza, baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei 21, 1996, sidhani kuna anayehitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lina maana.

Ukishabandika, kandamiza ukingo kwa ukucha au kadi ya plastiki, hasa panapoungana mbao mbili. Kisha pitisha brashi yenye rangi ya ubavu, ile ile iliyopo juu, kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna tundu, rangi itakayoingia ni ya juu, haitaonekana, na tundu litakuwa limezibwa. Ikikauka ndipo upige ya tumbo. Kwa rangi hiyo ya tumbo, mimi sioni haja ya zile zenye shaba za baharini. Zimetengenezwa hasa kwa viumbe wenye magamba wa maji chumvi, nasi hapa tuna utelezi wa kijani unaotoka kwa brashi ngumu. Tena maji haya tunayanywa.

Bandua tepu wakati mkono wa mwisho wa rangi ukiwa bado mbichi. Ikunje irudi nyuma juu yenyewe na uivute polepole, usiinyakue. Ikiwa rangi imeshakauka, pitisha wembe mpya kwenye ukingo kwanza, la sivyo itang'oka vipande vipande pamoja na tepu. Gundi ikibaki ubavuni, usikimbilie thina, itakula rangi uliyoilipia. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha sugua kidogo kidogo na uoshe kwa sabuni.