Kabla ya Mama Alikuwepo Nani?

Wiki iliyopita nilikuwa Kirumba jijini Mwanza, pale soko la samaki la Mwaloni, nikisubiri kufungiwa dagaa wa nyumbani, nikamsikia mwanamume mmoja wa makamo akimzungumzia jirani yake bila kujali nani anasikia: "Yule mama ndiye aliyemwambukiza mwanawe." Wenzake waliguna kwa kukubali, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sangara. Hakuna aliyeuliza mama mwenyewe aliambukizwa na nani. Nami, kwa aibu yangu, nililipa na kuondoka kimya.

Bwana yule hakuitunga sentensi hiyo, bali alifundishwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumeibandika kwenye kuta za zahanati zetu: kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kitabibu maneno hayo hayana kosa, kwa kuwa virusi humfikia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au anaponyonya. Lakini msafara unaotangazwa kuwa umeanzia kwa mama humwacha nje ya hesabu mtu aliyetangulia, na mtu huyo hatajwi hata kwa herufi moja.

Madhara yake si ya lugha tu. Chukua mwanamke anayepimwa katika hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito na kukutwa hana maambukizi. Kadi inaandikwa, kila mtu anashusha pumzi. Giza linapoingia mumewe anarudi kambini kisiwani, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikitoka anarejea nyumbani na fedha, na pengine na kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakijui. (Wavuvi wasinishambulie, sisi tunaosafiri kwa semina za ofisini hatuna usafi wa kuwazidi.) Mwanamke aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno mwilini, na ikiwa ana mimba au ananyonyesha, mtoto yumo katika hatari kubwa kuliko wa mama aliyeanza dawa mapema, huku kadi ikiendelea kusema kuwa mambo ni shwari. Ndiyo maana mama hutakiwa kupimwa tena baadaye. Lakini kumpima mama mara tatu na baba asipimwe hata mara moja ni sawa na kukinga maji kwenye sufuria bila kupanda kuziba bati linalovuja.

Mtaniambia kwamba kina baba wanaitwa kliniki. Ni kweli, na ninajua wanavyoitwa. Mwaka juzi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye kituo kimoja cha afya, mumewe akiwa kambini. Tuliambiwa arudi na mwenza wake, au alete barua ya serikali ya mtaa. "Mjomba, sasa tunafanyaje?" akaniuliza. Basi nikapanga foleni nusu siku kutafuta mhuri wa kuthibitisha kwamba mtu asiyekuwepo hayupo. Mwanamke mmoja kwenye benchi alitushauri tumlipe kijana wa bodaboda aingie kama mume. Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Utaratibu uliokusudiwa kumleta baba ukageuka kuwa adhabu ya mama.

Ninakiri, shingo upande, kwamba mengi yamefanyika. Tangu mwaka 2013 mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na VVU huanzishiwa dawa za maisha bila kusubiri kinga yake ishuke. Pasipo huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wa mama wenye VVU huambukizwa. Dawa zikitumiwa vizuri, idadi hiyo huweza kushuka chini ya 5. Manesi wanaochoma kisigino cha kichanga cha wiki sita na kudondoshea damu kwenye karatasi ya kipimo, kisha wakamfuatilia mtoto huyo hadi miezi 18, siwezi kuwabeza.

Lakini dawa hizo humezwa katika nyumba, na nyumba ina mtu mwingine. Ninawajua wanawake wanaoweka pamba ndani ya chupa ya vidonge ili visisikike, kwa sababu aliyepimwa kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa ameleta ugonjwa. India walichagua kusema maambukizi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Najua neno halimtoi mtu kisiwani, lakini lingekuwa limeshamtaja.

Majibu ya mpwa wangu si yangu kuyaandika hapa. Mumewe alikwenda kupima miezi minne baadaye, mbalamwezi ilipomrudisha nyumbani. Nesi alimkaripia kwa kuchelewa, akimuuliza kama hakujua kwamba jambo hili linamhusu. Kijana hakubishana, alinyoosha tu kidole kwenye bango lililokuwa nyuma ya nesi, mahali palipoandikwa "mama".